SAADA HAINGOJI MAVUNO: MAZOEA MADOGO YA KILA SIKU

(Mhadhara kwa waumini wa Kaagya, Mkoa wa Kagera)

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.



Katika darsa zetu tumezoea kuzungumzia sala, zaka, ndoa na mirathi. Leo tumechagua jambo ambalo aghalabu huachwa nje ya mlango wa msikiti pamoja na viatu, kana kwamba dini haina neno juu yake. Jambo hilo ni furaha ya mja katika maisha yake ya kila siku.

Tumelichagua kwa sababu tunaona nyumba nyingi ambamo chakula kipo, watoto wapo na sala zinasaliwa, lakini nyuso zimekunjamana. Ukimwuliza mwenye nyumba habari zake, hujibu kuwa anasukuma siku. Ukimwuliza ni lini atapumua, hukuhesabia: kahawa ikiuzwa, nyumba ikiezekwa, mtoto akipata kazi Dar es Salaam. Kahawa huuzwa, nyumba ikaezekwa, mtoto akapata kazi, na mzee yule yule huanza hesabu nyingine. Maisha yake yote yamekuwa kibanja cha kungojea.

Tunataka kuonyesha, kwa kadiri Allah atakavyotuwezesha, kwamba sehemu kubwa ya utulivu wa moyo hutokana na mambo madogo ambayo mtu huyafanya leo, na kesho akayarudia. Kisha tutaeleza mpaka wa mazoea hayo, maana ziko huzuni ambazo haziondoki kwa mazoea peke yake, na ni dhulma kumwambia mwenye nazo kuwa imani yake ni haba.

MANENO YENYEWE YANATUFUNDISHA

Tuanze na lugha. Neno letu "furaha" limetoka katika Kiarabu, "farah", nalo hutumika kwa ule msisimko unaomjia mtu apatapo kitu. Msisimko huo huja na kuondoka. Liko neno jingine, "saada", ambalo maana yake ni hali njema ya moyo yenye kudumu. Kutokana nalo tunawaita watoto wetu Saidi, Saada na Masudi. Shina la neno hilo ndilo lililozaa pia "saidia" na "msaada". Basi lugha yenyewe imeziweka saada na msaada katika nyumba moja, na tutaona baadaye kwamba wataalamu wa zama zetu wamefika pale pale kwa njia ya utafiti.

Neno la tatu ni "hamm". Sisi Waswahili tumelichukua tukalifanya "hamu", yaani shauku ya kitu. Katika Kiarabu maana yake ni dhiki ya moyo juu ya jambo linalokuja. Mwanachuoni Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, alieleza katika kitabu chake cha tabia kuwa alitafuta lengo moja ambalo wanadamu wote wanalikubali, na hakuliona isipokuwa hili la kuiondoa hamm. Anayetafuta mali anakimbia hamm ya ufukara, anayetafuta elimu anakimbia hamm ya ujinga, na anayetafuta jina anakimbia hamm ya kudharauliwa.

Mtume (S.A.W.) alikuwa na dua maarufu, iliyopokewa na Anas (R.A.) katika Sahih Bukhari, ya kujikinga na hamm na huzuni. Tutazame ameyataja mambo gani pamoja nayo: unyonge, uvivu, ubakhili, uoga, uzito wa deni na kukandamizwa na watu. Jirani za huzuni ndizo hizo. Mwenye kutaka kuipunguza huzuni nyumbani kwake na atazame kwanza nani anaishi jirani nayo.

TULIYOYAONA KAGERA

Mkoa wetu umeonja misiba. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walibainika hapa hapa Kagera, na miaka iliyofuata vibanja vingi vilibaki mikononi mwa mabibi na wajukuu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakapotea ziwani. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba uliingia Muleba, nayo migomba ndiyo chakula na heshima ya nyumba zetu. Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na nusu hivi za mchana, ardhi ilitetemeka kwa kipimo cha 5.9. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia wakajeruhiwa, maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka, na shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa uharibifu.

Zilikuwa zimebaki siku chache tu kufika Idi ya Kuchinja. Nyumba ambayo mtu alikuwa ameijenga kwa miaka ishirini, huku akijiambia kuwa atapumzika itakapokwisha, ilishuka kwa sekunde chache. Aliyekuwa ameiweka furaha yake yote katika kuta hizo aliiona ikishuka nazo. Na aliyekuwa na jirani wa kumwita, mke wa kushikana naye mkono, na ulimi uliozoea kumtaja Mola wake, alilala nje kama wenzake, lakini hakulala peke yake.

Hatusemi kwamba nyumba haina thamani. Ripoti ya Furaha Duniani ya mwaka 2018 iliiweka Tanzania nafasi ya 153 kati ya nchi 156. Waandishi wake huwataka watu wayafikirie maisha kuwa ni ngazi, ambapo 0 ni maisha mabaya kabisa na 10 ni maisha bora kabisa, kisha kila mmoja ataje alipo. Watu wetu walijiweka chini, na walikuwa wakisema kweli juu ya maji, barabara, hospitali na mifuko yao. Umaskini huumiza, na kupigana nao ni ibada. Lakini maadamu tunapigana nao, tutakula, tutalala na kuamka humo humo. Swali letu ni namna ya kuishi siku hizo.

KIDOGO KINACHODUMU

Bibi Aisha (R.A.) amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba amali impendezayo Allah zaidi ni ile inayodumu, ijapokuwa ni ndogo. Mkulima wa Kagera haihitaji hadithi hii kufafanuliwa mno. Mnyauko wa migomba huenea kwa panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likaingia katika mgomba mzima, na kwa wadudu wanaotua katika ua dume. Kinga yake imo katika mambo madogo: kupitisha panga motoni au kuliosha kwa dawa ya madoa, kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, na kung'oa mgomba mgonjwa mapema. Hakuna hata moja linalohitaji mtaji mkubwa, ila mwenye kuliacha wiki mbili tatu huweza kupoteza shamba. Moyo nao hulindwa hivyo hivyo. Tutaje mazoea saba.

1. Kulala mapema na kuianza siku mapema

Mtume (S.A.W.) hakupenda kulala kabla ya Isha wala mazungumzo baada yake. Wazee wetu walipokuwa wakizima taa, siku ilikuwa imekwisha. Leo simu imelala mtoni pamoja nasi, na saa sita za usiku bado tunasoma ugomvi wa watu tusiowajua. Kisha Alfajiri inakuwa mzigo, na mchana kutwa tunakuwa wakali kwa watoto. Mtu mzima huhitaji usingizi wa saa saba au zaidi. Anayelala saa nne na kuamka saa kumi na moja amezipata, na ameipata sala ya jamaa, na ameyaona mapambazuko akiwa njiani. Tunashauri simu ilale chumba kingine. Jambo ni dogo, lakini mwenye kulijaribu kwa siku kumi atajionea mwenyewe.

2. Kusalimiana kwa kusimama

Asubuhi Mhaya humwambia mwenziwe "Mulailota", akitaka kujua amelalaje. Mgeni akiingia ndani hupewa kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na kukaushwa, kabla hajaulizwa shida iliyomleta. Baadhi ya vijana wetu wanaona salamu hizo ni kupoteza muda. Basi wasikilize. Mwaka 1938 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walianza kufuatilia maisha ya kundi la wanafunzi wa chuo hicho. Baadaye wakaungana na kundi la vijana wa mitaa ya kimaskini ya mji wa Boston. Wamewafuatilia kwa zaidi ya miaka themanini, wakipima damu zao, wakiwauliza juu ya kazi, ndoa na marafiki. Wameona kwamba waliokuwa na uhusiano mwema na watu wao walipofikia umri wa makamo ndio aghalabu waliozeeka wakiwa na afya na furaha, kuliko ilivyoweza kutabiriwa kwa mali au umaarufu.

Uislamu umelifanya jambo hili kuwa ratiba. Mara tano kwa siku unasimama bega kwa bega na jirani. Lakini tujiulize: ni wangapi tunaotoa salamu ya kumalizia sala kisha tukatoka bila kujua kuwa aliyekuwa kuliani kwetu ana mgonjwa nyumbani? Tuchukue zoea hili: kila siku, baada ya sala moja, tumwulize mtu mmoja habari zake, na tungoje jibu.

3. Kuhesabu neema kabla ya kulala

Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha majaribio yao. Katika mojawapo, kundi moja liliandika kila juma mambo machache ya kushukuru, na kundi jingine likaandika ya kuudhi. Baada ya majuma kumi walioandika ya kushukuru waliyaona maisha yao kuwa bora na walikuwa na matumaini zaidi. Sisi tunayo tasbihi baada ya kila sala, lakini ulimi huenda mbio na moyo ukabaki sokoni. Tunaposema alhamdulillah tuitaje neema yenyewe: homa ya mtoto imeshuka, mvua imenyesha kabla maharage hayajakauka, mzee amekula leo. Neema iliyotajwa kwa jina lake huonekana, na iliyofichwa ndani ya neno la jumla husahaulika.

Zoea hili lina faida nyingine. Tabibu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Alieleza kuwa mtu mwenye afya na ajiwekee akiba ya fikra njema, kama anavyoweka dawa ndani kabla ugonjwa haujaja. Siku huzuni itakapomvamia, atakuwa na cha kutumia. Anayehesabu neema kila usiku anajaza sanduku hilo la dawa.

4. Kutoa kidogo

Mwaka 2008 huko Canada wataalamu waliwapa watu fedha kidogo asubuhi. Baadhi wakaambiwa wazitumie kwa nafsi zao, na wengine wazitumie kwa ajili ya wenzao. Jioni waliotumia kwa wenzao walikuwa na furaha zaidi, na kiasi cha fedha, dola 5 au 20, hakikuleta tofauti. Baadaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, matokeo yanayofanana na hayo yalionekana kwa watu wa Canada na wa Uganda, jirani zetu hawa. Kwa hiyo si jambo la matajiri peke yao. Tumekwisha kusema kuwa saada na msaada ni shina moja.

Mwenye mkungu na atoe chane. Mwenye senene nyingi katika msimu wake na apeleke bakuli kwa mjane. Asiye na kitu na atabasamu, maana Mtume (S.A.W.) amelihesabu tabasamu mbele ya ndugu kuwa ni sadaka. Na tutoe kimya kimya, kwa sababu sadaka yenye kipaza sauti humfurahisha mtoaji kwa muda mfupi, nayo humwumiza mpokeaji kwa muda mrefu.

5. Kutumia mwili na kuwapo pale tulipo

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Mkulima hahitaji kuambiwa, lakini watumishi, wenye maduka na sisi walimu tunaokaa kutwa tunahitaji. Kwenda msikitini kwa miguu badala ya kupanda bodaboda ni zoezi. Kupalilia kibanja na kutandaza nyasi mwenyewe ni zoezi.

Tuwepo pia pale tulipo. Mwaka 2010 watafiti Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert waliwauliza watu 2,250, katika nyakati mbalimbali za siku, wanafanya nini, wanawaza nini na wana hali gani. Karibu nusu ya muda fikra zao zilikuwa kwingine, na wakati huo walikuwa na furaha ndogo zaidi. Wanazuoni wetu wameliita kinyume cha hali hiyo "khushuu" katika sala. Mwenye kujizoeza kuwa hapo alipo katika rakaa mbili atajifunza kuwa hapo alipo anapokula na wanawe.

6. Kuacha kujilinganisha, na kumaliza ugomvi

Kila mwisho wa mwaka ndugu zetu wa Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko hurudi nyumbani. Ni jambo jema. Lakini zipo nyumba ambazo hubaki na majonzi wageni wakishaondoka, kwa sababu mtu ameliona gari la mwenziwe na sasa baiskeli yake imekuwa nzito. Mtume (S.A.W.), katika Hadithi iliyo katika Sahih Muslim, ametuelekeza tumtazame aliye chini yetu katika mambo ya dunia, ili tusizidharau neema tulizo nazo. Siku hizi picha za simu zinatufanyia mwisho wa mwaka kila siku. Tupunguze kuzitazama, na tukumbuke kuwa hakuna anayepiga picha ya deni lake.

Na ugomvi wa mipaka ya vibanja uliowatenganisha ndugu wa tumbo moja: wangapi wanapita njia ya mbali ili wasikutane? Mtume (S.A.W.) hakumruhusu Mwislamu kumsusa nduguye zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni yule anayeanza kutoa salamu. Haki ya ardhi idaiwe kwa wazee na mahakamani, lakini salamu isizuiliwe kusubiri hukumu.

7. Kutoishi mbele ya mavuno

Hapa tunaomba masikio yote. Tumesema kuwa dua ya Mtume (S.A.W.) imeliweka deni jirani na huzuni. Katika mkoa wetu deni lina jina lake: butura. Kahawa ingali mbichi mtini. Maradhi, msiba au mahitaji ya mtoto wa shule vinabisha hodi. Baba anakwenda kwa mwenye fedha na kumwuzia kahawa ile kwa bei ya kutupa. Msimu unapofika, jirani wanavuna chao, naye anavuna cha mwenziwe katika kibanja cha babu yake. Huyo tutamwambia nini juu ya furaha? Amefanya kazi mwaka mzima, mkewe amekuwa mkali, watoto wamenyamaza, na yeye mwenyewe amehamia kilabuni.

Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla hayajaanza kuiva, na katika upokezi wa Ibn Umar (R.A.) makatazo hayo yanawagusa wote wawili, muuzaji na mnunuzi. Mnunuzi naye tunamjua, na pengine yumo katika safu. Tunamwambia kwa heshima: faida hiyo imetoka katika usingizi wa nyumba ya nduguyo.

Kwa muuzaji tunashauri zoea dogo. Siku ya kulipwa fedha ya kahawa, kabla ya jambo lolote, atenge fungu la dharura, hata liwe dogo, na mkewe alijue. Kwa jamaa ya msikiti tunashauri jambo zito kidogo: tuwe na sanduku la karadha njema, isiyo na riba, kila mmoja akiweka kiasi kidogo kila Ijumaa, likiwa na waweka hazina watatu na daftari linalosomwa mbele ya watu kila mwezi. Likimwokoa mtu mmoja kwa msimu asiuze kahawa mbichi, litakuwa limeingiza furaha katika nyumba moja kuliko mihadhara yetu kumi.

HUZUNI ISIYOONDOKA

Sasa tuje kwenye mpaka tulioahidi kuueleza. Yuko mtu atakayefanya yote haya na moyo wake usifunguke. Hana usingizi au analala kupita kiasi, chakula hakina ladha, kazi aliyoipenda haimvuti, anajiona hana thamani, na pengine anawaza kuwa afadhali asingekuwapo. Hali hiyo ikidumu majuma mawili au zaidi, huyo ni mgonjwa kama alivyo mgonjwa mwenye malaria.

Katika mitaa yetu mtu kama huyo huambiwa mambo mawili. La kwanza ni kuwa amerogwa, na hapo huanza safari za waganga zinazomaliza ng'ombe na migomba. La pili husemwa na watu wa msikitini: lau angekuwa na imani asingehuzunika. Maneno haya ya pili tunayapinga kwa dalili. Nabii Yaaqub (A.S.) alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakaharibika kwa huzuni, kama ilivyosimuliwa katika Qur-aan, naye alikuwa Nabii. Mtume wetu (S.A.W.) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Nani miongoni mwetu atadai imani iliyo juu ya imani zao?

Na yule al-Balkhi tuliyemtaja, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, aliigawa huzuni mafungu mawili: ile ambayo sababu yake inajulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na ile isiyo na sababu inayojulikana, ambayo asili yake aliiona imo mwilini na kwa hiyo ikahitaji tiba ya mwili. Mwislamu huyo hakuona haya kumpeleka mwenye huzuni kwa tabibu. Mbona sisi tuone haya?

Basi tukimwona ndugu katika hali hiyo, tusimhutubie. Tukae naye, tumwulize kwa upole kama anawaza kujidhuru, maana kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, na kama jibu ni ndiyo tusimwache peke yake. Tumsindikize kituo cha afya, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba. Tuendelee kumwombea dua na kumsomea, wala dua haigombani na dawa.

HITIMISHO

Ndugu zetu, hatukusudii mtu atoke hapa na mzigo wa mambo saba. Achague moja, lililo jepesi kwake, alianze usiku huu na alidumishe mpaka mwezi uandame tena. Mwenye simu na ailaze chumba kingine. Mwenye ndugu aliyemsusa na ampelekee salamu. Mama anayechoka na ahesabu neema tatu kabla ya kufumba macho. Kijana na amwulize babu yake amelalaje, kisha aketi asikilize jibu lote, hata likiwa refu.

Na jambo la sanduku tunaliacha mikononi mwa wazee wa jamaa walizungumze Ijumaa ijayo baada ya sala, kahawa ikiwa bado iko mtini na nafasi ingalipo.

Tunamwomba Allah (S.W.) atuondolee hamm na huzuni, atukinge na uzito wa madeni na dhulma za watu, awaponye wagonjwa wetu wa miili na wa nyoyo, awarehemu waliotutangulia katika misiba ya mkoa huu, na azifanye nyumba zetu kuwa makazi ya utulivu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.